Kwa Nini Nyama Hupakwa Papai Kabla ya Kuona Moto

Wewe uliyeshika kisu, kiweke chini kwanza. Hiyo steki haiendi popote, ilishakufa. Na ninyi mnaolalamika kwamba nyama ya bucha siku hizi ni ngumu kama soli ya kiatu, sogezeni viti. Naona watu wazima wenye simu za bei mbaya wanapiga nyama kwa chupa ya soda, na hakuna hata mmoja anayejua vita hiyo ilianza wapi.

Zamani hizo nyama zote zilikuwa ngumu. Sisemi ngumu kidogo, ile ya kusingizia moto. Nasema nyama ambayo mtu akiianza jua likiwa begani, linamkuta bado anaitafuna limefika utosini. Hakuna aliyejua kwamba nyama inaweza kulegea, kama vile leo hakuna anayetegemea jiwe lilegee. Watu walizaliwa, wakaota meno, wakatafuna, meno yakaisha, wakahamia kwenye uji. Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha.

Katika nyakati hizo palikuwa na kijiji kwenye mteremko wa milima, kinaitwa Kirembwe. Watu wa Kirembwe waliishi kwa ndiva, yaani bwawa walilochimba juu ya mashamba ili likusanye maji ya kijito. Bwawa lilikuwa na kizibo cha gogo. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake: siku ya zamu yako, mlinzi wa kizibo anakifungua asubuhi, maji yanashuka kwenye mfereji wako, mahindi yanakunywa, kizibo kinarudi. Asiye na zamu hana shamba. Asiye na shamba, njia ilikuwa moja tu: kushuka kule chini tambarare, kwenye vumbi na miiba, ambako wengi walishuka na hakuna aliyepanda tena kusimulia.

Mambo ya Kirembwe yaliamuliwa na baraza la wazee saba, na baraza hilo lilikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kusema lolote, kila mzee alikula pande moja la nyama, pana kama kiganja, lililochomwa juu ya jiwe la moto. Aliyemaliza kwanza, akameza, akafungua mdomo wenzake wakaona mtupu, ndiye aliyesema neno la kwanza. Na neno la kwanza ndilo lililokuwa neno. Waliobaki waliruhusiwa kuliongezea tu. Kulipinga, hapana.

Msicheke. Walioanzisha utaratibu huo hawakuwa wajinga. Walisema mtu anayetafuna hapigi kelele, na mwenye njaa hahukumu vizuri. Tena waliamuru sinia ianzie kwa mzee mwenye umri mkubwa kuliko wote, ili awahi kumeza, aseme kwanza, kwa sababu ameona mengi. Mpango safi kabisa. Kasoro yake ilikuwa moja: wakati wanaupanga, wote walikuwa na meno.

Halafu wakaongeza masharti. Nyama ya baraza isiguse chungu cha maji, kwa sababu nyama ya kuchemsha ni ya wagonjwa. Isipigwe kwa mchi wala jiwe, kwa sababu ng'ombe ameshauawa mara moja, inatosha. Ikatwe kwa kufuata nyuzi zake, kutoka juu hadi chini, bila kuzivunja, kwa sababu nyuzi ni ukoo na ukoo haukatwi. Na ng'ombe wa baraza awe maksai mzee kuliko wote zizini, kwa heshima. Yaani ukitaka kutengeneza nyama isiyolika, hata leo, fuata masharti hayo moja baada ya jingine.

Mzee mwenye umri mkubwa aliitwa Sekiete. Alikuwa amebakiwa na meno mawili, moja juu na moja chini, na hayo yenyewe yalikuwa hayaonani. Mdogo kuliko wote barazani aliitwa Mrindoko, mwanamume mpana wa taya, aliyeweza kuvunja mfupa wa goti huku anakuuliza habari za nyumbani. Sinia ilianza kwa Sekiete na kuishia kwa Mrindoko, na kila mara Mrindoko ndiye aliyemeza kwanza. Kwa misimu mitatu mfululizo hakuna neno lililopita Kirembwe ambalo halikuwa lake. Mzee Sekiete alikuwa anabaki pale, shavu limevimba, machozi yanamlenga, na Mrindoko anamtazama na kusema, "Mnaona? Hata mzee analia kwa kuguswa na maneno yangu." Case closed. Watu wanaenda nyumbani.

Sasa mwaka mmoja mvua ilikataa. Kijito kikapungua mpaka mtu anakivuka bila kulowa kifundo. Ndiva ikawa nusu, kisha robo, na watu wakaanza kuhesabu zamu kwa vidole, usiku na mchana. Mlinzi wa kizibo wakati huo alikuwa Kajiru, mtu mpole asiyejua kujitetea. Asubuhi moja alipanda bwawani jua linachomoza, akakuta kizibo kimelala kando na bwawa limebaki tope. Vyura walikuwa wamekaa juu ya udongo wanashangaa.

Kabla Kajiru hajamaliza kupiga yowe, Mrindoko alikuwa ameshafika. Hakuuliza. Alisimama juu ya ukingo, mikono kiunoni, akatangaza kwamba mlinzi amelewa, amesahau kizibo, ameua kijiji. Baraza litakaa siku ya nne. Na adhabu ya aliyeua maji ilijulikana: anashushwa tambarare, yeye, mkewe na watoto wake, na zamu yao inagawiwa.

Kwa hiyo mshtaki alikuwa Mrindoko. Hakimu wa neno la kwanza alikuwa Mrindoko. Fair? Hakuna aliyeuliza. Na kulikuwa na kitu kingine, ambacho mimi mwenyewe nilipokisikia mara ya kwanza nilitaka kupindua meza: nyama ya baraza ilipikwa na nyumba ya mshtakiwa. Ndiyo. Unamlisha anayekuja kukufukuza, na unamuuliza kama chumvi inatosha. Mnaoshangaa, ngojeni siku mtakayotafuta kazi.

Mke wa Kajiru aliitwa Nakijwa. Habari za baraza la siku ya nne zilimfikia nyumbani. Walikuwa na binti mmoja, Naetwe, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na Nakijwa alikuwa akimtazama akiyumba uani, anafikiria mguu ule juu ya miiba ya kule chini. Hakula. Alianza kufagia mahali alipokwisha kufagia.

Siku ya pili alikwenda kwa Mzee Sekiete kuazima jiwe la kuchomea, lile pana ambalo baraza lililipenda. Mzee alikuwa amekaa mlangoni anakunywa uji.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda kwa siku mbili."

"Nitakuwa mnene vipi, babu? Wanatushusha."

Mzee aliweka kibuyu chini. Sheria ilimkataza mzee wa baraza kuzungumza kesi nje ya baraza. Akifanya hivyo ananyang'anywa kigoda, na asemalo linahesabika upepo. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akapangusa midomo.

"Sisi wazee kibofu hakitulazi," alisema. "Alfajiri ninyi mmelala, mimi niko nje nazunguka. Ninaona mambo."

Nakijwa akasogea karibu. "Umeona nini, babu?"

"Nina neno, mwanangu. Lakini neno langu liko nyuma ya nyama." Akafungua mdomo, akamwonyesha yale meno mawili yasiyosalimiana. "Macho yanafika. Miguu inafika. Mdomo ndio haufiki. Beba jiwe lako, nenda."

Alilibeba. Njiani alilitua mara tatu, si kwa uzito. Mtu aliyeona alikuwepo! Alikuwa anakunywa uji hatua mia mbili kutoka kwake! Na kilichomzuia kumwokoa mume wake hakikuwa woga wala rushwa. Kilikuwa pande la nyama pana kama kiganja. Ni hapo Nakijwa alipojua kazi yake. Wengine wote nyumbani kwake walikuwa wanaomba huruma ya baraza. Yeye alihitaji nyama laini, kitu ambacho hakijawahi kuwepo.

Siku ya tatu mchana, maksai akachinjwa. Wachinjaji walikata mapande saba ya mnofu wa paja, wakifuata nyuzi kama ilivyoamriwa, wakampa Nakijwa pamoja na kipande cha shingo, ambacho kilikuwa haki ya mpishi. Kwa kawaida nyama ilifungwa kwenye majani ya mgomba. Lakini migomba ya Kirembwe ilikuwa imekauka yote, majani yamekuwa karatasi, ukiyakunja yanavunjika. Hakuna maji, hakuna jani. Mti pekee uliokuwa bado wa kijani ulikuwa mpapai mmoja chini ya ukingo wa ndiva, ulionyonya lile tope. Mpapai wakati huo haukuwa na maana kwa mtu. Matunda yake walikula ndege. Nakijwa alikwanyua majani kwa haraka, na papai bichi moja likaanguka, likapasuka juu ya rundo lake. Utomvu mweupe ukatapakaa kila mahali. Hakuwa na muda wa kuchagua majani mengine. Akafunga nyama vilevile, papai likiwa humo, akajitwika.

Alipofika nyumbani alikuta wifi zake wamejaa uani, wamekuja kulia mapema, eti kupunguza kazi ya kesho. Akawahudumia. Mpaka anakuja kufungua furushi, jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Akagusa pande la kwanza kwa kidole ili alitie chumvi, na kidole kikazama.

Nyama imeoza! Nyama ya baraza, imeoza mikononi mwa mke wa mshtakiwa! Aligusa la pili, likabonyea. La tatu, vilevile. Alilinusa moja, akalinusa tena, pua ikiwa karibu kulimeza. Halikunuka. Lilikuwa jekundu na safi, ila limelegea kama shavu la mtoto aliyelala. Akayafuta mapande yote saba kwa jani kavu, upesi upesi, akayaficha kwenye chungu kikavu kilichofukiwa kwenye mchanga baridi, halafu akakaa juu ya kinu.

Akakikumbuka kipande cha shingo. Nacho kilikuwa kimekaa kwenye majani yaleyale. Alikata ukanda wa juu, akauweka juu ya jiwe la moto, akampelekea mama mkwe wake, Bibi Nanzia, aliyekuwa hana jino hata moja na ana ulimi wa watu wanne.

"Mama, onja."

"Nionje kwa nini, kwa ufizi? Unataka niondoke kabla ya wewe kushushwa?"

"Onja tu, mama, tafadhali."

Bibi Nanzia akaitia mdomoni kwa kisirani, ili apate cha kusema. Taya lilikwenda mara moja, mara mbili, mara tano. Koo likapanda na kushuka. Akanyamaza. Jambo hilo peke yake lilimtisha Nakijwa kuliko nyama.

"Imekwenda wapi?" aliuliza bibi.

"Umeimeza, mama."

"Sijameza nyama miaka kumi na mmoja." Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Kisha akakunja uso. "Iliyobaki umempa nani?"

Sasa mngedhani Nakijwa alifurahi. Hakufurahi. Furaha ilikaa kidogo tu, na nyuma yake ukaja woga mpya, mbaya zaidi, kwa sababu sasa alikuwa na kitu cha kuharibu. Je, ni majani au ni ule utomvu? Unakaa muda gani? Alikata vipande vitatu vya shingo kutoka katikati, ambako utomvu haukuwa umefika. Kimoja akakifunga kwa majani makavu ya mpapai. Cha pili akakipaka utomvu wa papai bichi, akakifuta mara kivuli cha kizingiti kilipohama upana wa mkeka. Cha tatu akakipaka na kukiacha hadi asubuhi. Alfajiri alikwenda kutazama. Kile cha majani makavu kilikuwa kigumu kama desturi. Cha pili kilikuwa kizuri. Cha tatu alipokishika hakikushikika. Kilimteleza vidoleni kama uji wa muhogo, na mbwa alipotupiwa alikilamba, hakukitafuna.

Basi akajua. Muda wa kivuli kuhama upana wa mkeka, si zaidi. Ukipungua, Mzee Sekiete anaendelea kulia na shavu limevimba. Ukizidi, unawapelekea wazee saba matapishi juu ya sinia, na hapo hata tambarare ni huruma.

Kulikuwa na jambo jingine lililomkosesha raha. Wazee walijichagulia pande wenyewe kwenye sinia. Hangeweza kumlainishia Sekiete peke yake. Ilibidi alainishe yote saba, la Mrindoko pia. Na Mrindoko aliyekuwa anamaliza mfupa, nyama laini ataifanya nini? Aliliwaza hilo hadi kichwa kikamgonga, akaona tumaini limebaki moja: sinia inaanza kwa mkubwa. Kwa mara ya kwanza tangu Mzee Sekiete abakiwe na meno mawili, kuanza kungekuwa na faida.

Asubuhi ya siku ya nne wazee walianza kufika. Mapande saba yalikuwa yamelegea nje tu, katikati bado magumu, kwa hiyo Nakijwa alikwangua papai bichi, akayapaka pande zote, akaketi kukitazama kivuli cha kizingiti. Kilipofika ukingoni mwa mkeka, akachungulia barazani. Vigoda sita vilikuwa na watu. Cha saba kilikuwa kitupu. Mrindoko hajafika! Bwana mkubwa alikuwa nyumbani kwake bado anajipaka mafuta, kwa sababu kikao hakiwezi kuanza bila yeye, na alitaka kila mtu akumbuke hivyo. Mnawajua watu wa namna hiyo. Unaambiwa uje saa mbili, yeye anakuja saa tano, na wewe ndiye unayesema samahani.

Kivuli kikaondoka kwenye mkeka. Nakijwa alibonyeza pande moja, likabonyea zaidi ya alivyotaka. Ndani ya ule weupe nyama ilikuwa inaendelea kuyeyuka huku mtu mmoja anajipaka mafuta. Akachukua nguo yake mpya, ile ya kuolewa, hakuwa na kitambaa kingine safi, akafuta pande moja moja mpaka utomvu wote ukatoka na nyama ikabaki kavu. Kulegea kulipaswa kukoma hapo hapo. Aliomba tu iwe hivyo. Hakuwa na uhakika.

Mrindoko akaja. Nakijwa akaweka nyama juu ya jiwe, jiwe limewaka hadi limepauka. Nyama kavu haikutoa mvuke wa kijinga. Iliunguruma mara moja na kushika rangi. Upande huu, kisha upande huu, basi. Akaipanga kwenye sinia, akasimama mlangoni. Na wazee, badala ya kunyamaza, wakaanza kubishana nani kasogeza kigoda cha nani. Nyama ikasubiri. Akaifunika kwa jani, akiona mvuke unapotea, akisema moyoni kwamba sasa inapoa na kuwa gogo, na hakujua kwamba kule chini ya jani maji ya nyama yalikuwa yanarudi ndani yalikotoka.

Hatimaye wakanyamaza. Akaingia. Kajiru alikuwa amekaa chini, magoti kifuani, hakuinua macho. Nakijwa alimpelekea sinia Mzee Sekiete kwanza. Mzee akachukua pande la karibu naye, bila kulichagua, kama mtu anayechukua mzigo wake wa kila siku. Nakijwa akaenda kwa wa pili. Hakuharakisha, wala hakuchelewa. Wa tatu. Wa nne. Nyuma yake hakusikia kitu. Wa tano. Wa sita. Alipofika kwa Mrindoko aligeuza jicho kidogo tu, na akamwona Mzee Sekiete ameacha kutafuna. Pande lilikuwa limebaki nusu mkononi, na mzee alikuwa analitazama kwa mdomo wazi, kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

"Kula, babu," alisema Nakijwa ndani ya kifua chake. "Utashangaa baadaye. Kula!"

Mrindoko akachukua la mwisho. Akalishika kwa meno ya mbele na kulivuta kwa nguvu zake zote za siku zote, na nyama ikaachia mara moja, kichwa chake kikarudi nyuma kikagonga nguzo. Wazee wakageuka. Yeye akatafuna kwa hasira. Lakini taya lile lilikuwa limezoea kukuta ukuta, na safari hii halikukuta kitu. Meno yakashuka moja kwa moja kwenye ulimi.

Alitoa mlio ambao hakuna aliyewahi kuusikia barazani. Damu ikatoka pembeni mwa mdomo. Na Mrindoko akiwa bado ameushika mdomo kwa mikono miwili, Mzee Sekiete alimeza, akafungua kinywa, akakizungusha polepole ili wote sita waone. Mtupu. Meno mawili tu.

"Alfajiri ile nilitoka kukojoa," alisema Mzee Sekiete. Sauti yake ilikwaruza. Ilikuwa haijatumika barazani kwa misimu mitatu. "Nikamwona Mrindoko anang'oa kizibo. Maji yakaenda kwake. Nendeni mkatazame mahindi yake, yamesimama kama askari, na ya kwetu yote yamelala. Neno langu ni hilo. Kajiru hashuki popote."

Halafu wazee wakamaliza mmoja mmoja, na kila aliyemaliza akaongezea, maana kuongezea tu ndiko kulikoruhusiwa. "Na mimi niliyaona mahindi yake." "Na mimi nilipita mferejini kwake nikalowa." "Na mimi." Yaani wote walikuwa wameona! Shamba la kijani katikati ya kijiji cha manjano, nani asilione? Walikuwa wanasubiri tu mtu mwingine aseme kwanza.

Mrindoko alipoweza kuufungua mdomo, alionyesha sinia kwa kidole. "Imelogwa! Nyama haiwi hivi! Mwanamke huyu katuwekea kitu!"

Nakijwa alidhani amekwisha. Mzee Sekiete akamwambia, "Eleza, mwanangu. Hapa hakuna wa kukuwahi." Nakijwa akaleta lile papai bichi alilolikwangua, akawaonyesha utomvu, akawaambia kila kitu: majani, kidole, Bibi Nanzia, kivuli, mbwa, nguo ya kuolewa.

Mzee mmoja akauliza, "Kwa nini usilainishe ya mzee peke yake?"

"Sinia ni moja na mnachagua wenyewe, baba. Nimewalainishia wote. Aliyeanza ndiye aliyemaliza. Sheria si yangu, ni yenu."

Kule nyuma Bibi Nanzia alicheka mpaka akashikwa na kikohozi.

Mrindoko hakushushwa tambarare. Mzee Sekiete alisema hatamtupa mtu mahali ambapo leo hii amemwokoa mwingine asitupwe. Lakini zamu zake za misimu miwili ziligawiwa, na akabeba maji kwa kichwa kama watu wengine. Mzee akaongeza jambo moja. Aliamuru nyama isikatwe tena kufuata nyuzi, ikatwe kwa kuzivunja, ili nyuzi ziwe fupi mdomoni. Wakamuuliza, na ukoo je? Akasema ukoo unaokatika kwa kisu cha jikoni ulikuwa umeshakatika zamani.

Na tangu siku hiyo watu hukata nyama kinyume cha nyuzi zake, huipaka papai bichi, huifuta vizuri kabla ya kuiweka motoni, na ikishaiva huiacha ipumzike kidogo chini ya kifuniko. Tangu siku hiyo pande la kwanza hupewa mwenye meno machache, na mpishi huisimamia nyama kwa wasiwasi, anaibonyeza, anatazama saa, anaibonyeza tena, bila kujua wasiwasi huo kaurithi kwa nani. Ni wa Nakijwa. Haujawahi kwisha, umehama jiko tu.

Ila nitawaambia na hili, kisha nawaacha mpike. Zipo meza ambazo nyama bado ni ngumu, na wanaosema ni walewale wenye taya. Ukifika kwenye meza kama hiyo usidhani hawajasikia habari za mpapai. Wanazo. Mpapai uko nyuma ya nyumba yao, na wameujengea ukuta.

Haya. Shika kisu. Tazama nyuzi zinakoelekea, halafu kata kinyume chake.